Mume, Mke na Kamera Yao Mgodini

Ukishuka kwenye treni katika kituo kidogo cha Bövinghausen, pembezoni mwa jiji la Dortmund nchini Ujerumani, huwezi kudhani kwamba umefika mgodini. Utaona nyumba za matofali mekundu, bustani ndogo zilizopaliliwa vizuri, na watoto wakiendesha baiskeli njiani. Tembea kidogo, nawe utatokea mbele ya majengo ambayo ungeyaita kasri la mfalme au chuo cha kale. Paa zake zimepambwa kwa vilele, na madirisha yake ni marefu kama ya kanisa kuu. Kumbe humo ndani wachimba makaa ya mawe walikuwa wakipanga foleni kupokea mshahara!

Mahali hapo panaitwa Zollern. Mgodi huu ulijengwa kati ya mwaka 1898 na 1904, na kampuni iliyoujenga ilitaka uwe mgodi wa mfano, wa kuonyeshwa wageni. Wenye mali walitaka sifa, nao wakainunua kwa matofali na vioo. Mimi sikuona ubaya wake. Mtu anayeteremka kila siku kwenye giza la ardhini anastahili angalau kupita kwenye lango zuri.

Lakini kilichonipeleka Zollern si lango hilo. Nyuma ya uwanja kuna jumba refu la chuma na vioo, ambalo zamani ndimo ilimokuwa mitambo ya umeme ya mgodi. Mlango wake mkuu umepambwa kwa vioo vya rangi na mistari inayojipinda kama mashina ya maua, mtindo uliopendwa sana Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Mlango huo uliumbwa na msanifu Bruno Möhring. Ndani kuna ubao mkubwa wa swichi uliotengenezwa kwa marumaru, wenye saa juu yake. Kuna pia ile mashine iliyokuwa ikizungusha kamba nene ya chuma na kuteremsha watu shimoni, kisha kuwapandisha wao na makaa. Wakati huo migodi mingi ilikuwa bado ikitumia mvuke kwa kazi hiyo. Hapa walitumia umeme tangu mwanzo, na watu wa ufundi walikuja kutoka mbali kushangaa.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Makaa ya mawe ya bonde lile la mto Ruhr yalikuwa yamekosa soko. Watu walihamia kwenye mafuta, na makaa ya kutoka nchi za ng'ambo yakawa ya bei rahisi kuliko yale ya nyumbani. Mgodi baada ya mgodi ukafungwa. Kilichofuata kila mahali kilikuwa kile kile: wanakuja wabomoaji, chuma kinauzwa chakavu, ardhi inasawazishwa kwa shughuli nyingine. Jumba la mitambo la Zollern nalo liliwekwa kwenye foleni hiyo. Mwaka 1969 lilikuwa likingoja kubomolewa tu.

Na hapa, msomaji mpenzi, ndipo anapoingia mume na mke wenye kamera.

Penseli ilishindwa mbio

Bernd Becher alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Siegen, eneo la migodi ya chuma na matanuri. Alisomea uchoraji. Mwaka 1957 alikwenda kuchora mgodi mmoja wa karibu na kwao uliokuwa umefungwa, kwa kuwa alikuwa ameyaona majengo yake tangu utoto na alitaka kuyaweka kwenye karatasi. Alichora taratibu, kila nguzo na kila dirisha, kama alivyofundishwa. Wabomoaji hawakumngoja. Alipomaliza upande mmoja, upande mwingine ulikuwa chini. Basi akaazima kamera ili apate kumbukumbu ya kuchorea, na baada ya muda ile kumbukumbu ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Hilla, aliyezaliwa Potsdam mwaka 1934, ndiye aliyekuwa mpiga picha kweli kweli. Mama yake alijua kazi hiyo, na Hilla alianza kupiga picha akiwa msichana mdogo, kisha akajifunza ufundi kwa mpiga picha wa mjini kwao. Alijua kusafisha picha katika chumba cha giza, na alijua jinsi ya kumulika kitu kionekane kama kilivyo bila kudanganya. Walikutana Düsseldorf, wakaanza kazi pamoja mwaka 1959, na mwaka 1961 wakaoana. Naliandika jambo hili kwa makusudi. Kwa miaka mingi watu walizoea kusema "Becher na mkewe", kana kwamba mke alikuwa akishika mwavuli. La hasha! Bernd ndiye aliyeleta shauku ya mahali pale, na Hilla akaleta ufundi. Na baada ya muda hakuna aliyeweza kusema picha ipi ni ya nani. Wenyewe walikataa kuzigawa.

Mwaka 1964 walipata mtoto wa kiume, Max. Hapo wengi wetu tungesema safari zimekwisha. Wao walimbeba. Mwaka 1966 walipata msaada wa fedha wa kuwawezesha kupiga picha Uingereza kwa miezi sita, wakasafiri na Kombi yao ya Volkswagen hadi kwenye mabonde ya makaa ya mawe ya kusini mwa Wales, mtoto wa miaka miwili akiwa pamoja nao. Ninyi mliowahi kusafiri na mtoto wa miaka miwili hata kwa basi la nusu siku mtaielewa kazi hiyo. Max alipokua naye akawa mpiga picha.

Kazi yao ilikuwa ya subira kuliko ninavyoweza kueleza. Kamera ilikuwa ile kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, mpiga picha akijifunika kitambaa cheusi ili aone. Hawakupenda jua. Walingoja siku ya mawingu, anga ikiwa nyeupe kama shuka, ili pasiwe na kivuli cha kuficha ukuta mmoja na kuupendelea mwingine. Walipanda juu ya ngazi, au juu ya paa la jengo la jirani, ili jengo wanalolipiga lionekane kutoka katikati ya kimo chake, limesimama wima bila kuegemea nyuma. Hawakuweka watu kwenye picha wala mapambo. Walipiga minara ya matangi ya maji, matanuri ya kuyeyushia chuma, matangi ya gesi, na ile minara yenye magurudumu juu ya mashimo ya migodi. Kisha walizipanga picha tisa, kumi na mbili au kumi na tano pamoja, minara na minara, matangi na matangi.

Ukitazama moja unaona tangi la maji. Ukitazama kumi na mbili kwa pamoja unaanza kuona nyuso. Mimi zilinikumbusha picha za pasipoti zilizobandikwa ukutani kwa mpiga picha wa mjini: kila mmoja ametazama mbele, hakuna anayecheka, na bado hakuna wawili wanaofanana. Mama wa mapacha anajua siri hiyo. Watu wanasema wamefanana, yeye anawajua hata kwa visigino.

Barua na picha

Sasa turudi Zollern. Mwaka 1969 Hans P. Koellmann, mkuu wa chuo cha sanaa za ufundi cha Dortmund, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kwamba jumba lile lisibomolewe. Barua ziliandikwa kwa wakubwa wa serikali ya jimbo. Bernd na Hilla walikuwa upande wake, pamoja na picha zao. Mwisho wa mwaka huo jumba la mitambo la Zollern liliwekwa chini ya hifadhi ya sheria, na linahesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya viwanda katika Ujerumani Magharibi kupewa heshima hiyo. Hadi wakati huo, heshima ya namna hiyo ilikuwa ya makanisa, makasri na nyumba za watu mashuhuri. Nani angelinda kiwanda?

Nimejiuliza kwa nini picha ziliweza kusaidia. Wakubwa walikuwa na gari na dereva. Wangeweza kwenda kuliona jumba lenyewe. Nadhani tatizo ni kwamba waliokwenda waliona kutu, vioo vilivyovunjika na majani yaliyoota. Picha iliyopigwa kwa heshima iliwaonyesha jengo. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa aliyelala wodini muda mrefu, wauguzi wakionyeshwa picha yake akiwa amesimama mlangoni kwake, humtazama kwa macho mengine.

Si kila kitu kilisalimika hata hapo Zollern. Ile minara miwili ya magurudumu unayoiona leo si ya mgodi huu. Ya asili haipo tena, na hii ililetwa kutoka migodi mingine, mmoja wa Gelsenkirchen na mmoja wa Herne, ikasimamishwa hapo ili mahali paonekane kama palivyokuwa. Mgeni asiyeambiwa hajui. Kadhalika, mgodi wa Concordia wa mji wa Oberhausen, ambao Bernd na Hilla waliupiga picha mwaka 1967, ulibomolewa. Wao wenyewe walikuwa wakijua kwamba mengi wanayoyapiga hayatadumu. Mara nyingine walirudi baada ya miezi michache wakakuta uwanja mtupu.

Bonde lile lilibadilika sana baadaye. Mgodi wa Zollverein wa mji wa Essen, uliofungwa mwaka 1986, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Huko Oberhausen kuna tangi la gesi lenye kimo cha mita 117, ambalo tangu mwaka 1994 limekuwa ukumbi wa maonyesho, na watu hupanda hadi juu kutazama mji. Duisburg nako matanuri ya chuma yaligeuzwa bustani ya watu wote. Mgodi wa mwisho kabisa wa makaa ya mawe nchini humo, ule wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na wachimbaji wakamkabidhi Rais bonge la mwisho. Zollern yenyewe ikawa jumba la makumbusho.

Bernd na Hilla walipata heshima kubwa. Mwaka 1990, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, walipewa tuzo kuu, na cha kuchekesha ni kwamba ilikuwa tuzo ya uchongaji, kwa watu ambao hawakuwahi kushika patasi. Mwaka 1976 Bernd alipewa kiti cha ualimu katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf. Cheo kilikuwa chake peke yake, ingawa Hilla aliwafundisha wanafunzi pamoja naye. Akina mama wanaosoma gazeti hili hawahitaji kuelezwa zaidi. Bernd alifariki mwaka 2007. Hilla aliendelea na kazi peke yake hadi alipofariki mwaka 2015.

Waliokosekana kwenye picha

Nilikwenda Zollern na mwenyeji wangu, mama mzee aliyekuwa mjane wa mchimba makaa. Nilikuwa mgeni wa akina mama wa usharika wao. Yeye hakuvutiwa sana na mlango wa vioo vya rangi. Aliniongoza moja kwa moja hadi kwenye chumba walimokuwa wakiogea wachimbaji. Tazama juu, aliniambia kwa mkono. Juu ya dari kulikuwa na ndoano zimening'inia kwa minyororo. Kila mchimbaji alikuwa na yake. Asubuhi alitundika nguo zake safi, akavuta mnyororo hadi zikapanda darini, akafunga kwa kufuli. Jioni alizishusha, akatundika zile nyeusi. Ukitazama nguo zile zilizoachwa kwa maonyesho, zimening'inia bila miili, moyo unashtuka kidogo.

"Na nguo nyeusi nani alizifua?" nikauliza. Mwenyeji wangu akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu.

Hapo nikaona kilichokosekana katika picha zote zile nzuri. Bernd na Hilla hawakuweka watu, na ninaelewa sababu zao, kwa maana mtu akisimama mbele ya tanuri macho yote yanakwenda kwake. Lakini mgodi haukuendeshwa kwa makaa tu. Sheria za huko zilikuwa zimewakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi tangu karne ya 19, hivyo katika orodha ya mishahara ya wachimbaji hawaonekani. Wao walikuwa wakifua masizi yasiyotoka. Walilima bustani nyuma ya nyumba, zile zile ninazokutajia hapo mwanzo, kwa kuwa mshahara haukutosha bila viazi na kabichi. Walifuga mbuzi, watu wa huko walimwita mbuzi "ng'ombe wa mchimba makaa". Wakati maelfu ya vijana walipokuja kutoka mashariki, Wapolandi na wengineo, kutafuta kazi migodini, wake wa wachimbaji waliwapokea kama wapangaji. Waliwapikia, wakawafulia, na kitanda kimoja mara nyingine kililaliwa na watu wawili kwa zamu, mmoja akiamka kwenda kazini, mwingine akirudi kulala. Mama wa nyumba alikuwa akipika saa zote.

Na walingoja langoni. Februari 1946, katika mgodi mmoja wa Bergkamen, si mbali na Dortmund, mlipuko uliua watu zaidi ya 400. Mwenyeji wangu alikuwa mtoto mchanga wakati huo, lakini alikua akisikia habari zake. Aliniambia kwamba mumewe akichelewa hata nusu saa yeye huanza kusafisha jiko, ingawa ni safi, mpaka asikie mlango.

Tulikunywa kahawa pale pale, katika mgahawa uliokuwa zizi la farasi wa mgodi.

Kutoka Essen hadi korona

Kabla hujasema kwamba habari za Ujerumani ni za Wajerumani, ngoja nikuulize: neno "korona" tulilolitumia Tanga kwa kiwanda cha mkonge, kabla ya ugonjwa kuchukua jina hilo, limetoka wapi? Lilikuwa jina la mashine ya kuparua majani ya mkonge, Corona, iliyotengenezwa na kampuni ya Krupp. Na kampuni ya Krupp makao yake yalikuwa Essen, mwendo mfupi wa treni kutoka Dortmund. Mkonge wenyewe uliletwa kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai Tanga. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na korona nyingi zikafungwa. Walikokosa soko la makaa na walikokosa soko la katani, kimya cha mashine ni kimoja.

Mama yangu alifanya kazi korona, katika shamba moja wilayani Muheza. Alianika katani. Jani la mkonge liliingia upande mmoja, likapondwa na kuparuliwa huku maji yakimwagika, na upande wa pili zikatoka singa mbichi za kijani hafifu zenye harufu kali ya uchachu. Akina mama walizibeba begani hadi kwenye nyaya za kuanikia, zikakauka kwa jua hadi zikawa nyeupe. Kisha zilipelekwa kwenye mashine ya burashi, hatimaye zikafungwa marobota. Mama amekwisha kufariki. Picha zake tunazo mbili, zote za studio, amevaa gauni la kuazima na ametazama ua la plastiki. Hakuna hata moja ya kazini.

Niliporudi nyumbani nikapata habari kwamba majengo ya korona ile yamepata mnunuzi. Mashine ziliuzwa chuma chakavu zamani. Zilizobaki ni kuta, paa nusu, na misingi ya saruji. Mnunuzi mpya alitaka kusafisha kiwanja na kujenga maghala baada ya mvua za masika. Hakuwa mtu mbaya. Nilipomwomba ruhusa ya kupiga picha alishangaa tu, akauliza kama ni mambo ya kesi ya ardhi. Nilimwambia ni mambo ya mama yangu. Akampigia mlinzi simu.

Nikaenda na mama mdogo, ambaye alifanya kazi upande wa burashi kwa miaka kumi na moja. Niliamua kufuata desturi ya Bernd na Hilla kadiri simu yangu ya mkononi ilivyoniruhusu. Tulikwenda asubuhi yenye mawingu. Nilisimama mbali, mbele kabisa ya ukuta, nikauacha usimame wima. Nilipiga kila upande, hata ule usiovutia, hata mtaro wa maji machafu. Mlinzi alinisaidia kupanda juu ya kifusi ili nipate kimo. Niliandika kwenye daftari kila picha ni ya upande gani, kwa sababu kuta za saruji zikiisha kupigwa hufanana zote.

Mama mdogo alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, unapiga ukuta. Ukuta haukufanya kazi hapa."

"Basi simama, mama mdogo."

"Nisimame wapi?"

"Uliposimama."

Hakusita. Aliruka mtaro kwa umri wake ule, akahesabu nguzo kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasogea kulia hatua mbili, akarudi nusu. Akasimama. Hapakuwa na kitu mahali pale ila misumari minne mikubwa iliyokatwa, imetoka kwenye saruji. "Mashine ilikuwa hapa," akasema. "Huyu upande huu, mimi upande huu. Vumbi lilikuwa hivi." Akaonyesha juu ya kichwa. Alifunga khanga puani na mdomoni, kama walivyokuwa wakifanya, kisha akainua mikono yote miwili akashika singa zisizokuwapo, akazirusha ndani ya mashine isiyokuwapo, akazivuta, akazigeuza, akazirusha tena. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe. Mlinzi aliacha kutafuna muwa wake.

Nilipiga picha saba za mama mdogo. Katika zote hakutazama kamera hata mara moja. Alikuwa akitazama mikono, kwa sababu, alinieleza baadaye, ukiondoa macho burashi inakuchukua kidole. Alinitajia aliyepoteza vidole viwili, mahali alipokuwa amesimama, na mwimbaji aliyekuwa akianzisha nyimbo za zamu ya asubuhi, na dirisha ambalo mama yangu alikuwa akipitishia chai ya saa nne. Nikapiga na dirisha hilo.

Kazi ya kubomoa ilianza mwezi wa sita. Picha nilizisafishia Tanga mjini, karatasi kubwa, na nikampelekea mama mdogo zake ndani ya bahasha. Alizitandaza mkekani, akazipanga kwa mistari kama karata, akaziondoa zile za ukuta mtupu na kuziweka kando. Kisha akazirudisha, moja moja, katikati ya zile alizomo yeye, mpaka jengo likakamilika kwa mpangilio aliokuwa akiujua.

"Nitolee nyingine tano," akasema, na akaanza kuhesabu kwa vidole za kupelekwa kwa nani. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa. "Hao wapewe watoto wao," akasema. "Lakini andika nyuma nani alisimama nguzo ya pili."

Nikaandika.